Swali la mshahara kwenye usaili: fanya hesabu kabla ya kujibu

Jopo likishamaliza kuuliza kuhusu elimu na uzoefu, mara nyingi hubakiza swali moja: unatarajia kulipwa kiasi gani? Wasailiwa wengi hujibu kwamba watapokea kulingana na utaratibu wa ofisi, wakiamini kuwa unyenyekevu huo utawaongezea alama, ilhali jopo husikia tu kwamba mtu huyu hajajiandaa, au kwamba atakubali kiwango cha chini kabisa kilichopo kwenye bajeti.

Kwa nafasi za serikali ya Tanzania zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mjadala huu haupo, kwa sababu ngazi ya mshahara, kwa mfano TGS D, hutajwa kwenye tangazo lenyewe na jopo halina uwezo wa kuibadilisha. Maelezo yanayofuata yanawahusu wanaoomba kazi katika kampuni binafsi na mashirika yasiyo ya kiserikali, Tanzania Bara.

Jambo la kwanza ni kujua kwamba mwajiri hufikiri kwa mshahara kabla ya makato, na mwombaji hufikiri kwa fedha inayoingia mkononi. Mtu akisema "milioni moja na laki mbili" bila kufafanua, jopo litaandika kiasi hicho kama mshahara ghafi, na mshangao utamkuta mwisho wa mwezi. Tuchukue kiasi hichohicho, 1,200,000, chote kikiwa mshahara wa msingi. Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) wa asilimia 10 huondoa 120,000, na hukatwa kabla ya kodi, hivyo kodi hukokotolewa kwenye 1,080,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, milioni ya kwanza hutozwa 128,000, na kila kinachozidi hapo hutozwa asilimia 30, yaani 24,000 kwa zile 80,000 zilizobaki. Mkononi zinabaki 928,000. Ikiwa unadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 180,000, nayo inaondoka, na unabaki na 748,000.

Kwa hiyo hesabu ianzie chini kwenda juu. Orodhesha kodi ya nyumba, nauli, chakula, ada za watoto na wanaokutegemea, kisha uangalie nafasi kama yako hulipwaje kwa kuwauliza watu wawili au watatu wanaofanya kazi hiyo. Anayehitaji 800,000 mkononi anapaswa kutaja takriban 1,005,000 kabla ya makato. Mwenye deni la Bodi, kwa mahitaji yaleyale, anapaswa kutaja takriban 1,310,000. Tofauti ya laki tatu si ya kuikadiria kichwani ukiwa umeketi mbele ya jopo.

Swali likija mapema, kabla hujaelezwa majukumu, si utovu wa adabu kuomba ufafanuzi kwanza: "Asante kwa swali. Ningependa kufahamu kama nafasi hii ina posho ya nyumba, usafiri au bima ya afya ya familia, na kama mmeshapanga kiwango chake, ili nijibu kwa usahihi." Kwenye mashirika yanayoendesha miradi ya wafadhili, swali hili lina faida zaidi, kwa kuwa mara nyingi mshahara umeshafungwa kwenye bajeti ya mradi na hakuna wa kuupandisha hata kama jopo limekupenda. Wakisisitiza utaje, taja: "Kwa majukumu mliyoyaeleza na uzoefu wangu wa kuandaa hesabu za mwezi hadi kufunga mwaka, natarajia kati ya milioni 1.3 na milioni 1.5 kabla ya makato, na niko tayari kujadiliana tukiangalia na stahiki nyingine." Kisha nyamaza. Wengi huharibu hapa, kwa kujishusha wenyewe kabla hata hawajaombwa. Kumbuka pia kwamba mwajiri atashika ule mwisho wa chini, kwa hiyo usiutaje kama huwezi kuishi nao.

Ukiulizwa mshahara wako wa sasa, usiongeze hata shilingi, maana waajiri wengi huomba hati ya mshahara kabla ya kutoa barua ya ajira. Sema ukweli, kisha eleza kwa nini nafasi mpya ina uzito mkubwa zaidi. Ada za watoto na kodi ya nyumba zimekusaidia kupiga hesabu nyumbani, lakini si hoja za kupeleka mbele ya jopo. Hoja ni kazi utakayoifanya.

Mkishakubaliana, uliza ni sehemu gani ya kiasi hicho ni mshahara wa msingi na ni ipi posho. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, hivyo mwajiri anayekupa milioni 1.3 huku laki sita zikiwa posho amekupa kidogo kuliko inavyoonekana. Subiri mgawanyo huo uandikwe kwenye mkataba, ndipo upeleke notisi kwa mwajiri wako wa sasa.