Somo: Kuandaa mtazamo wa wiki kwa takwimu za Marekani, Kanada na Meksiko

Wengi humu kwenye kundi letu la foreksi (biashara ya kununua na kuuza fedha za nchi mbalimbali) mnafungua chati kwanza, halafu ndipo mnauliza "leo kuna habari gani?" Hapo mmeshachelewa. Kazi ya wiki hufanyika Jumapili jioni soko likiwa bado limefungwa, na ukishaizoea haichukui muda mrefu.

Mfano wa leo ni wiki ya kweli, ya Jumatatu tarehe 28 Julai hadi Ijumaa tarehe 1 Agosti 2025. Wiki ile ilikuwa na kila kitu: benki kuu mbili kutangaza riba siku moja, pato la taifa, mfumuko wa bei, ripoti ya ajira, na juu yake ushuru wa forodha wa Rais Trump. Pamoja na hayo yote, kilichotikisa soko ni mstari ambao wengi hawakuuwekea nafasi kwenye daftari zao.

Hatua ya 1: Geuza saa

Takwimu nyingi kubwa za Marekani na Kanada hutoka saa 2:30 asubuhi kwa saa za New York. Wakati wa kiangazi chao hiyo ni saa 9:30 alasiri Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Wakati wa baridi ni saa 10:30 jioni. Wenzetu husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kila mara kuna watu humu wanaokuta habari imeshapita au wanaisubiri saa nzima. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, toeni saa moja. Maskati na Dubai, ongezeni moja. Sehemu kubwa ya Meksiko iliacha kusogeza saa mwaka 2022, kwa hiyo mfumuko wa bei wa kule hutangazwa saa 9:00 alasiri yetu mwaka mzima.

Jumatano ile, tarehe 30 Julai, ratiba kwa saa zetu ilisomeka hivi: saa 9:15 alasiri, ajira za sekta binafsi kutoka kampuni ya ADP, saa 9:30, pato la taifa la Marekani, saa 10:45 jioni, riba ya Benki Kuu ya Kanada, saa 3:00 usiku, riba ya Benki Kuu ya Marekani, yaani Fed, saa 3:30 usiku, Jerome Powell, aliyekuwa mwenyekiti wa Fed, mbele ya waandishi, na baada ya saa 5:00 usiku, soko la hisa likishafungwa, matokeo ya Microsoft na Meta. Ukiiona siku namna hiyo Jumapili, unajua mapema kwamba Jumatano si siku ya kuacha dili wazi ukaenda kulala.

Hatua ya 2: Tafuta swali la msimu, halafu chagua matukio mawili, yakizidi matatu

Kalenda za uchumi hupaka rangi nyekundu kila kitu. Usizifuate kibubusa. Jiulize: mwezi huu soko lina wasiwasi na nini?

Mwaka 2022 wasiwasi ulikuwa bei. Mfumuko wa bei wa Juni ulipotangazwa tarehe 13 Julai mwaka ule, ulikuwa asilimia 9.1, na kwa miezi mingi CPI, yaani kipimo cha mfumuko huo wa bei, ndiyo iliyokuwa mfalme. Fed ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023.

Kufikia katikati ya 2025 swali lilikuwa limehama. Riba ilikuwa imeshushwa hadi kati ya asilimia 4.25 na 4.50 na kukaa hapo tangu Desemba 2024. Watu walitaka kujua kama ajira zinadhoofika kiasi cha kuilazimisha Fed ishushe tena. Kwa swali hilo, tukio kubwa la wiki lilikuwa NFP ya Ijumaa, yaani idadi ya ajira zilizoongezeka Marekani nje ya kilimo. Mkutano wa Fed wenyewe ulikuwa wa pili, maana karibu kila mtu alijua riba haitaguswa. Mengine yote ni ya kusoma tu.

Hatua ya 3: Chora safu nne, si tatu

Wengi mnaandika ya mwezi uliopita, inayotarajiwa, na iliyotoka. Ongeza ya nne: marekebisho ya miezi ya nyuma. Hapa ndipo somo lote lilipo, kwa hiyo twende taratibu.

Ripoti ya ajira ya Marekani hutengenezwa na Idara ya Takwimu za Kazi, BLS, kwa kuunganisha tafiti mbili. Ya kwanza huuliza takriban waajiri 121,000, wa kampuni na wa serikali: mna watu wangapi kwenye orodha ya mishahara, katika kipindi cha malipo chenye tarehe 12 ya mwezi? Humo ndimo inamotoka ile namba ya NFP. Ya pili huuliza kaya takriban 60,000, na ndiyo inayotoa kiwango cha ukosefu wa ajira. Tafiti mbili tofauti, ndiyo maana mara nyingine zinapingana.

Sasa, si kila mwajiri hujibu kwa wakati. BLS hutangaza kwa majibu iliyonayo, halafu husahihisha mwezi unaofuata, na mara nyingine tena mwezi wa tatu. Namba ya kwanza ni makadirio ya haraka. Anayeitazama hiyo peke yake anasoma nusu ya ripoti.

Pato la taifa nalo lina mtego wake. Jumatano ile lilitoka asilimia 3.0 kwa robo ya pili ya mwaka, baada ya robo ya kwanza kuwa hasi 0.5. Ukisoma juu juu utasema uchumi umefufuka. Lakini robo ya kwanza kampuni zilikimbilia kuingiza bidhaa kabla ushuru haujaanza, na bidhaa za kutoka nje hutolewa kwenye hesabu ya pato; robo ya pili uingizaji ukaporomoka, namba ikaruka juu. Kipimo kinachotazama manunuzi ya watu na kampuni binafsi za ndani kilikuwa kimepungua kutoka asilimia 1.9 hadi 1.2. Kwa hiyo chini ya namba nzuri kulikuwa na uchumi unaopunguza mwendo. Kumbuka pia kwamba Marekani na Kanada hutangaza ukuaji wa robo kwa kiwango cha mwaka mzima, wakati Meksiko hutangaza badiliko la robo lilivyo. Usizilinganishe hivi hivi.

Hatua ya 4: Andika "ikiwa, basi" kabla ya Ijumaa

Kwa NFP ya tarehe 1 Agosti, wachambuzi walitarajia laki moja na ushei. Mistari mitatu ingetosha: ikitoka juu sana, dola itapanda na matumaini ya riba kushuka Septemba yatafifia, ikitoka karibu na matarajio, sifanyi kitu, ikitoka chini na miezi ya nyuma ikakatwa, dola itashuka na hatifungani (hati za mkopo ambazo serikali huuza) zitanunuliwa, na zikinunuliwa kwa wingi riba yake hushuka. Andika kwa mkono. Ukisubiri namba itoke ndipo ufikiri, mshumaa wa kwanza kwenye chati, yaani mruko wa kwanza wa bei, utafikiri kwa niaba yako.

Hatua ya 5: Tazama hatifungani kabla ya hisa

Riba ya hatifungani ya Marekani ya miaka 2 ndiyo inayofuata kwa karibu kile soko linachodhani Fed itafanya. Hisa zina makelele mengi. Habari ikitoka, itazame hiyo kwanza, halafu dola, mwisho hisa.

Wiki ilivyokwenda

Jumatano ADP walitoa ajira 104,000, zaidi ya ilivyotarajiwa. Pato la taifa nalo lilikuwa kama nilivyoeleza. Kanada wakaacha riba yao kwenye asilimia 2.75. Usiku Fed ikaacha yake palepale, lakini wajumbe wawili wa Baraza la Magavana, Christopher Waller na Michelle Bowman, wakapiga kura ya kupinga, walitaka ishushwe. Magavana wawili hawakuwa wamepinga kwa pamoja tangu 1993. Powell hakuahidi kitu kuhusu Septemba, na dola ikapanda.

Alhamisi kipimo cha bei ambacho Fed hukipenda zaidi, PCE, ukitoa chakula na nishati, kilikuwa asilimia 2.8 kwa mwaka. Lengo la Fed kwa PCE ni asilimia 2. Hadi hapo ungesema riba haishuki leo wala kesho. Usiku huohuo ushuru wa bidhaa za Kanada zisizo chini ya mkataba wa biashara wa nchi tatu ulitangazwa kupanda kutoka asilimia 25 hadi 35, huku Meksiko ikipewa siku 90 za mazungumzo. Hayo hayakuwa kwenye kalenda yoyote.

Ijumaa saa 9:30 alasiri: ajira 73,000. Ni chini ya matarajio, ila haikuwa msiba. Msiba ulikuwa safu ya nne. Mei ilikatwa kutoka 144,000 hadi 19,000, Juni kutoka 147,000 hadi 14,000. Ajira 258,000 zilizokuwa zimehesabiwa zikafutika. Riba ya hatifungani ya miaka 2 ikashuka kwa takriban robo asilimia ndani ya siku moja, dola ikaanguka, dhahabu ikapanda, S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, ikafunga chini kwa asilimia 1.6. Siku hiyohiyo Trump akamfukuza kazi mkuu wa BLS, Erika McEntarfer. Tarehe 17 Septemba Fed ikashusha riba.

Aliyekuwa na safu tatu aliona namba dhaifu kidogo. Aliyekuwa na nne aliona kwamba picha aliyokuwa nayo ya miezi mitatu ilikuwa si sahihi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Ajira zikiwa mbaya mnasema Fed itashusha riba, na riba ikishuka hisa hupanda. Mbona siku ile hisa zilishuka? (Mwanza)*

Marahaba. Inategemea ubaya wenyewe. Ripoti ikidhoofika kidogo, soko hushangilia riba nafuu. Ikidhoofika ghafla, watu huanza kuogopa faida za kampuni zenyewe. Ndiyo maana nasema anza na hatifungani: ile haikuwa na utata wowote siku hiyo.

*Mkuu, kuna faida kuingia sekunde ileile NFP inapotoka? (Mombasa)*

Kwa mtu wa simu na akaunti ndogo, hapana. Dakika zile broka hupanua tofauti ya bei ya kununua na kuuza, na agizo lako la kukata hasara linaweza kutekelezwa mbali na ulipoliweka. Mashine za mabenki zimeshasoma ripoti kabla hujagusa kioo. Subiri angalau dakika 15, soma marekebisho, ndipo uamue. Na kama NFP na ajira za Kanada zinatoka dakika moja, jambo la kawaida siku za Ijumaa, dola ya Marekani dhidi ya ya Kanada usiiguse kabisa. Wiki ile ziliachana: za Kanada zilitoka tarehe 8 Agosti, zikiwa zimepungua kwa karibu 41,000.

*Serikali yao ikifungwa, takwimu tunazipata wapi? (Arusha)*

Swali zuri, maana lilitokea. Serikali ya Marekani ilifungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, siku 43. Ripoti ya ajira ya Septemba ilikuja tarehe 20 Novemba. CPI ya Oktoba haikutangazwa kabisa, kwa sababu bei hazikukusanywa, na bei ya jana huwezi kwenda kuiuliza leo. Waliobaki ni wa binafsi: ADP kwa ajira, na ISM ambao huuliza mameneja manunuzi wa kampuni (juu ya 50 shughuli zinapanuka, chini yake zinasinyaa). Fed ilikutana mwisho wa Oktoba katikati ya giza hilo na bado ikashusha riba. Ikitokea tena, punguza ukubwa wa dili zako. Usidhani ADP inaweza kuziba nafasi ya BLS. Mmeona ilichosema Jumatano ile.

*Niko Maskati, sifanyi foreksi, nina mkopo wa benki tu. Hii inanihusu? (Oman)*

Inakuhusu kuliko walioko Dar. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola tangu 1986, riali 1 kwa dola 2.6 hivi, kwa hiyo Benki Kuu ya Oman haina budi kufuata nyayo za Fed. Riba ikishuka Washington, ya kwenu hushuka siku hiyohiyo au kesho yake. Kama mkopo wako una riba inayobadilika, weka alama kwenye mikutano minane ya Fed ya mwaka. Kama riba yako ni ya kudumu, lala.

*Ndugu mwalimu, mwanangu yuko Toronto na hunitumia hela kila mwezi. Nimwambie asubiri ripoti ipi? (Kisumu)*

Mama, asisubiri. Ripoti hizi husogeza dola ya Kanada kidogo sana ukilinganisha na mambo ya shilingi yenyewe. Januari 2024 dola ya Marekani ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya; Februari Kenya ilipouza hatifungani mpya nje na kununua sehemu kubwa ya ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, hofu ikaisha na shilingi ikapanda hadi karibu 130 ndani ya wiki chache. Hakuna NFP iliyofanya hivyo. Mwambie alinganishe makato ya kampuni za kutuma fedha, na bei wanayobadilishia.