Nyamapori jikoni: harufu na ugumu vinatoka wapi, na unaviondoaje

Watu wengi wakionja nyamapori mara moja wanasema ngumu, inanuka, hawarudii tena, wakati mara nyingi mnyama hana kosa, kosa ni la aliyeipika kama anapika ng'ombe. Mnyama wa porini kutwa yuko mbioni, misuli imekaza na mafuta ndani ya nyama karibu hamna, sasa yale mafuta yanayoiokoa steki ya ng'ombe ukijisahau kidogo hapa huyapati, ukipitiliza tu imekauka.

Kabla hujawasha jiko, uhakikishe aliyewinda alikuwa na kibali na mnyama alikuwa mzima, sio wa kuokotwa kafa. Mzoga wa kuokota achana nao hata kama unaonekana freshi, kimeta hakina mchezo. Sungura na nguruwe pori wakiwa bado wabichi vaa glavu, kuna bakteria wanapita hata kwenye mkwaruzo mdogo wa kidole.

Haya, harufu. Nusu ya ile harufu watu wanayoilalamikia inaanzia huko huko porini, matumbo yamechelewa kutolewa au nyama imefungwa kwenye mfuko wa plastiki ingali na joto lake, hapo hata uweke viungo vya dunia nzima haisaidii sana. Nyama ipoe haraka, ifike chini ya nyuzi joto 4 za Selsiasi na ikae hapo. Nusu ingine iko kwenye mafuta ya nje, kwa swala na jamaa zake haya yanaganda mdomoni kama nta na ndo yamebeba harufu yenyewe, so kata yote, usiyaonee huruma.

Halafu kuna ule utando mweupe unaong'aa juu ya misuli. Huu hata uchemshe mpaka kesho hauyeyuki, unajikunja tu na kuikunja nyama nayo. Chukua kisu chembamba kikali, penyeza ncha chini ya utando, kata kidogo upate pa kushika, kisha vuta kwa vidole huku makali ya kisu umeyaelekeza juu kidogo, yaegemee utando na sio nyama, unatelezesha taratibu. Ukitoka safi unaona nyama nyekundu nzuri bila mabaki meupe. Ni kazi inayochosha lakini ukiiruka hiyo usinilaumu.

Palipopigwa risasi pakate pote, na uende mbali na tundu maana vipande vya risasi vinasambaa vidogo vidogo huvioni kwa macho. Kwenye ndege papasa kwa vidole utoe goroli zote, vile vipira vidogo vya risasi, meno ni ghali.

Kuloweka usiku kucha ndani ya friji kwenye maji ya chumvi au maziwa mgando kunatoa damu na kupunguza ukali. Siki na ndimu nyingi mimi sizipendi, zinaharibu juu na ndani hazifiki. Papai bichi lina kimeng'enya kinacholainisha kweli ila nusu saa mpaka lisaa inatosha, ukilaza nalo asubuhi utakuta nyama imekuwa rojorojo.

Kupika sasa inategemea kipande. Sarara na nyama ya mgongo ni za haraka, sufuria ya moto sana, nyama umeifuta maji ikakauka, dakika chache kila upande. Kipimajoto cha nyama kinasaidia sana hapa, nyuzi 71 katikati ndo salama, wapo wanaoitoa ikiwa pinki bado, utamu upo kweli lakini ujue unabahatisha na vimelea, na mjamzito asithubutu kabisa.

Shingo, mkono na miguu ya chini ni habari ingine, hizi ukizichoma unatafuna mpaka taya ziume. Zikaange kwanza zipate rangi, weka kitunguu, nyanya, tangawizi, maji kidogo, funika, moto mdogo kabisa maji yawe yanacheza tu yasitokote kwa nguvu, masaa matatu hivi. Zile nyuzi ngumu zinageuka taratibu zinakuwa utelezi unaofanya mchuzi uwe mzito, na hilo halitaki papara. Preshakuka inafupisha mpaka kama lisaa.

Ya kusaga changanya na mafuta ya ng'ombe au nguruwe, kama sehemu moja kwa tano au sita za nyama, la sivyo kababu zinameguka na kukauka, nayo iive mpaka 71.

Nguruwe pori usicheze naye. Anaweza kuwa na minyoo ya trikinela, na baadhi ya aina za porini zinavumilia baridi ya friza, kwa hiyo kugandisha sio dawa, wala kukausha au kumfukiza moshi, dawa ni moto, 71 mpaka ndani kabisa na usiikadirie kwa rangi. Ndege iwe 74, na kama ni bata mwitu mapaja yapike peke yake maana yanataka muda mrefu kuliko kifua.

Ikitoka motoni iache kama dakika tano hivi ndo ukate, na ukate kwa kukingama na nyuzi zake. Kipande kile kile ukikifuata kwa urefu wa nyuzi unatafuna kamba, ukikikingama kinaachia chenyewe mdomoni.