Jinsi ya kuongoza timu ya fizio wodi ya mifupa, hatua kwa hatua

Habari wadau. Nawaandikia nyie mliopewa kusimamia fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kwenye wodi ya mifupa, hasa hospitali za rufaa za mikoa huku kwetu Tanzania, ambako timu ni watu watatu wanne na intani mmoja, na wodi imejaa vijana wa bodaboda upande mmoja, upande wa pili bibi na babu walioanguka bafuni wakavunjika nyonga. Ukishapewa usimamizi mara nyingi unakabidhiwa funguo za stoo ya magongo na daftari la kazi bas, hakuna anayekukalisha chini akakwambia uanzie wapi. Haya ndo tunayofanya sisi.

Kanuni ni moja na mengine yote yanatokea humo. Hakuna mgonjwa anayeshinda kitandani leo bila timu ya fizio kujua kwanini, na hiyo sababu iwe imeandikwa kwenye faili. Inaweza kuwa damu imeshuka, anasubiri chumba cha upasuaji, maumivu hayajadhibitiwa, au mfupa bado haujafungwa. Hata "hatukumfikia leo" ni sababu na iandikwe hivyohivyo, manake ukiificha hutaweza kwenda kwa mganga mfawidhi kudai mtu wa kuongezewa, huna ushahidi. Mzee wa nyonga akilala siku tatu nne bila kuinuliwa kifua kinajaa, makalio na visigino vinaanza kidonda, damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu, na nguvu zinakwisha kiasi kwamba hata oparesheni iwe nzuri namna gani hasimami tena.

Hatua ya 1: Pita wodini kabla ya raundi

Saa moja na nusu asubuhi pita kitanda kwa kitanda, usitegemee daftari la jana. Uliza sista wa zamu ya usiku nani alikosa usingizi kwa maumivu, nani ana homa, nani aliongezewa damu. Alafu panga wagonjwa kwa uharaka. Wanaotangulia ni waliofanyiwa oparesheni jana, wazee wa nyonga wote hata kama bado hawajafanyiwa, wanaohema vibaya, na wanaoruhusiwa leo. Wengine wanafuata.

Kugawa kazi msigawane kwa vitanda, yaani wewe kitanda cha 1 mpaka 10 mwenzako 11 mpaka 20, kwasababu unaweza kukuta mmoja kapata vijana sita wanaojiweza na mwingine kapata wazee watano wa kuinuliwa na watu wawili wawili. Gawaneni kwa uzito wa mgonjwa. Mgonjwa wa kuinuliwa na watu wawili muandike majina mawili pale asubuhi, la sivyo kila mmoja atakua anamsubiri mwenzake mpaka saa nane.

Hatua ya 2: Kwenye raundi usitoke bila jibu la "akanyage vipi"

Hapa ndo kazi ya kiongozi ilipo hasa. Wagonjwa wengi wa mifupa wanaolala bila sababu wanalala kwasababu hakuna aliyesema waziwazi mguu ukanyagwe kiasi gani. Daktari bingwa anajua kichwani, faili limeandikwa "aanze mazoezi", fizio anaogopa chuma kisije kikapinda, sista anaogopa zaidi, mgonjwa ndo kabisa. Kwahiyo simama kwenye raundi na kwa kila mgonjwa uulize kwa sauti: asikanyage kabisa, aguse tu chini, akanyage kiasi, au akanyage anavyovumilia? Na mpaka lini? Akijibu mwombe intani daktari aandike pale pale, msisogee kitanda kinachofuata.

Ukienda kuuliza nenda na picha ya eksirei umeshaiangalia. Mtu aliyewekewa msumari ndani ya fupa la paja ukavuka vizuri pale palipovunjika, mara nyingi anaweza kuanza kukanyaga mapema, tofauti na aliyevunjika ndani ya kiungo cha goti, au mfupa uliosagika vipande vipande. Hospitali kadhaa za kwetu zinatumia msumari wa shirika la SIGN ambao unafungwa skrubu bila ile mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji, na ukishaona jinsi ulivyokaa kwenye picha unaweza kuongea na daktari kwa hoja. Daktari akikuona unaongea kwa picha anakusikiliza, hilo nina uhakika nalo.

Jibu likipatikana andika karatasi kubwa ubandike kichwani pa kitanda, kwa Kiswahili kamili: MGUU WA KULIA, ASIKANYAGE MPAKA KLINIKI. Vifupisho viacheni kwenye faili. Ile karatasi inasomwa na mhudumu wa usafi, na ndugu aliyekuja kumpeleka chooni, na mgonjwa mwenyewe.

"Akanyage kiasi" inasumbua wengi. Tafuta mizani ya kawaida ya kupimia uzito, mwekee mgonjwa mguu juu yake akiwa kwenye fremu ya kutembelea, kama ana kilo 60 na ameambiwa nusu basi akandamize mpaka isome 30, arudie mpaka mguu ukariri. Mizani moja inatosha wodi nzima.

Hatua ya 3: Panga muda wa dawa na sista

Fupi tu hii. Mgonjwa mwenye maumivu makali hasimami na ukimlazimisha kesho akikuona anageukia ukutani. Ongea na sista inchaji dawa ya maumivu ya vidonge itolewe nusu saa hadi saa nzima kabla ya fizio kufika. Mpe orodha ya wagonjwa wako wa asubuhi kwenye karatasi, usimwambie tu kwa mdomo ana mambo mengi.

Hatua ya 4: Kuinua mgonjwa siku inayofuata oparesheni

Kwa mzee wa nyonga lengo letu ni kesho yake tu baada ya oparesheni awe ameketi pembeni mwa kitanda na kama hali inaruhusu asimame. Ndivyo miongozo mikubwa ya nyonga inavyosema, ule wa Uingereza wa tangu 2011 umo, na kwetu inawezekana ukijipanga.

Kwanza soma faili: wingi wa damu, presha, kama kapewa ganzi ya mgongo hakikisha miguu imerudisha nguvu na hisia. Angalia dripu, dreni (mpira wa kutoa damu kwenye kidonda) na mpira wa mkojo vimekaa wapi kabla hujamgusa, vitu vingi vinang'oka hapo. Msalimie vizuri, "shikamoo bibi", mwambie unachotaka kufanya na kwamba mko wawili hamtamwachia. Aanze na kupumua kwa kina mara kadhaa na kukohoa, achezeshe vifundo vya miguu juu chini, akaze msuli wa mbele wa paja. Ndo umketishe taratibu miguu ining'inie. Hapo subiri. Wengi wanakosea hapa kwa haraka, wanamketisha na kumsimamisha pale pale, presha inashuka, kizunguzungu, anaanguka mikononi mwenu. Mwache akae dakika kadhaa, muongeleshe, uliza anaona giza? anasikia kichefuchefu? Pima presha tena. Akiwa sawa fremu mbele yake, mmoja upande wa mguu mgonjwa mwingine nyuma kidogo, asimame.

Hata kama amesimama tu akarudi kukaa, hiyo ni siku nzuri, iandike. Kama mnaweza mumketishe kwenye kiti ale chakula cha mchana akiwa amekaa, tumbo na kifua vyote vinashukuru.

Aliyebadilishiwa kichwa cha nyonga kwa kupasuliwa nyuma ana masharti yake: asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu, asiuzungushe mguu kwa ndani. Kwa maisha ya huku maana yake ni kigoda cha jikoni hapana, mkeka hapana, kuinama kufunga viatu hapana, mpaka daktari aruhusu. Yaseme hivyo, kwa kigoda na mkeka, nyuzi 90 bibi hazimsaidii.

Hatua ya 5: Walio kwenye traksheni

Hawa ndo wanaosahaulika kuliko wote. Kijana kavunjika paja, kapitishiwa pini ya chuma (ya Steinmann) kwenye mfupa chini ya goti, mguu unavutwa na uzito, anasubiri oparesheni au ndo matibabu yenyewe wiki kadhaa. Kwasababu hawezi kutoka kitandani timu inampita. Weka mtu mmoja wa timu awe mwenye hao wote, kila siku. Mikono na mguu usioumia vifanye kazi, ajinyanyue kwa ile kamba au bomba la juu makalio yapumzike, kifundo kisilale chini kikakakamaa, apumue. Na goti, jamani goti! Daktari wa mifupa Mwingereza George Perkins alikua anawakunjisha wagonjwa wake magoti wakiwa ndani ya traksheni, kitanda kikifunguliwa sehemu ya chini mguu ukunjike. Daktari akikubali fanyeni, kwasababu paja linaweza kuunga vizuri kabisa alafu kijana akabaki na goti lisilokunja, na bodaboda hapandi tena.

Hatua ya 6: Timu nzima ijue dalili za kupiga simu

Hili sio la kusubiri raundi ya jioni. Mguu uliofungwa hogo au uliovimba, maumivu yanazidi dawa na yanapanda ukinyoosha vidole vyake, hiyo inaweza kuwa kompatimenti sindromu, yaani presha imepanda ndani ya misuli mpaka damu haipiti, na misuli inakufa ndani ya masaa. Piga simu wakati huo huo, hata kama mapigo bado yapo kwenye nyayo, usidanganyike na mapigo. Kijana wa paja siku ya kwanza mpaka ya tatu anahema haraka na kuchanganyikiwa, simu. Ndama imevimba upande mmoja inauma, usichue, usimtembeze, simu. Asiyeweza kuinua kidole gumba wala nyayo kuja juu wakati jana aliweza, simu, na aliyeona aandike saa ngapi.

Intani na wanafunzi wafundishwe haya siku ya kwanza. Na wajue hakuna atakayemgombeza mtu aliyepiga simu ikakutwa ni salama.

Hatua ya 7: Ndugu ni sehemu ya timu

Fizio anakaa na mgonjwa labda nusu saa, ndugu anakuja asubuhi, mchana na jioni. Tumieni muda wa kuona wagonjwa. Chagua ndugu mmoja anayekuja kila siku, mwonyeshe kwa mikono yake mwenyewe: jinsi ya kumgeuza, mazoezi mawili matatu tu, wapi pa kushika. Alafu mwambie akuonyeshe yeye. Wengi wanamhurumia mgonjwa, "mwacheni mama apumzike", wanamlisha amelala. Usiwafokee, waelezee kwanini kukaa ni dawa. Wakikuuliza habari za fundi wa kuunga mifupa wa kijijini wajibu kwa heshima na kwa ukweli kuhusu hatari ya kukaza vijiti na kuchua, ukiwadharau watamwondoa mgonjwa kimyakimya.

Hatua ya 8: Ruhusa ianze kuandaliwa siku anayolazwa

Uliza mapema: choo ni cha kuchuchumaa au cha kukaa? kiko ndani au nje? kuna ngazi? kitanda kina urefu gani? nani anabaki nyumbani mchana? Wa nyonga mwenye choo cha kuchuchumaa fundi seremala anaweza kutoboa kiti cha mbao kikakaa juu ya shimo, ndugu waanze kukitafuta wiki hiyo hiyo. Anayeswali aswali kwenye kiti kwanza.

Magongo yapimwe, yasigawiwe tu. Chini ya kwapa pabaki nafasi ya vidole viwili vitatu, kiwiko kikunjike kidogo, uzito uende kwenye viganja, akiegemea kwapa neva inabanwa na mkono unalegea. Ngazi: kupanda mguu usioumia unatangulia, kushuka mguu mgonjwa na magongo ndo vinatangulia. Apande na kushuka mbele yako kabla hujasaini.

Kliniki akirudi wa msumari wa paja mwambie achuchumae. SIGN wenyewe wanatumia kipimo hicho, mgonjwa achuchumae huku anatabasamu, na kimefanyiwa utafiti hapa hapa Dar es Salaam. Anayefika chini akicheka mfupa wake unaenda vizuri.

Hatua ya 9: Ijumaa saa nane

Wikiendi mtu wa fizio ni mmoja au yuko nyumbani kwa simu. Ijumaa saa nane mchana kaeni dakika ishirini, mchague wagonjwa ambao Jumamosi na Jumapili lazima waguswe: wa oparesheni za Alhamisi na Ijumaa, wazee wa nyonga, wenye vifua. Kwa wengine wote andikeni nani atamsimamia, ndugu gani, sista gani, zoezi gani. Orodha hiyo iachwe meza ya masista, na picha yake kwenye grupu la timu la WhatsApp bila majina ya wagonjwa, namba za vitanda tu. Jumatatu saa moja na nusu unaanza na orodha hiyo hiyo, kitanda kwa kitanda, nani aliinuliwa na nani hakuinuliwa na kwanini.