Mguu uliovunjika: yanayotangulia eksirei

Wanafunzi mnaoanza zamu za majeruhi hapa Mombasa, mtapokea vijana wa bodaboda walioanguka, muundi umevunjika na mfupa umetoboa ngozi. Macho hukimbilia mfupa. Lakini mfupa unaweza kungoja. Msuli uliokosa damu haungoji.

Hatua ya 1. Anza na njia ya hewa, kifua na damu, kama kwa majeruhi yeyote. Paja lililovunjika laweza kumeza damu ya lita 1 hadi 1.5 bila tone kuonekana nje.

Hatua ya 2. Sasa ushike mguu, na hapa msiharakishe. Tafuta mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani, ulinganishe na mguu wa pili ulio mzima. Gusa ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha pili: anahisi? Mwambie ainue kidole gumba, kisha akikunje. Andika ulichokuta, pamoja na saa. Asubuhi daktari wa zamu nyingine atategemea mistari hiyo kujua kama hali imebadilika.

Mguu ukiwa umepinda na umepoa, mpe dawa ya maumivu, uvute taratibu hadi unyooke, kisha upime mapigo tena. Usimpange foleni ya eksirei mguu ukiwa hauna damu. Zikipita saa 6, sehemu kubwa ya msuli hairudi.

Hatua ya 3. Kidonda. Antibayotiki ya mshipani iingie ndani ya saa 1. Sefazolini gramu 2 kwa mtu mzima asiye na mzio. Uliza chanjo ya pepopunda. Ondoa uchafu unaoonekana, funika kwa shashi iliyoloweshwa salaini, na kila anayepita asikifunue tena. Daraja la Gustilo na Anderson (1976), linalopima ukubwa wa kidonda cha mfupa uliovunjika, huthibitishwa thieta, yaani chumba cha upasuaji, kwa sababu tundu dogo laweza kuficha msuli uliokufa.

Hatua ya 4. Weka banzi la plasta la upande mmoja, toka paja hadi vidoleni. Plasta ya kuzunguka mguu siku ya kwanza ni hatari, kwani uvimbe bado unapanda. Pima mapigo tena. Ndipo eksirei: picha za pande mbili, zikionyesha goti na kifundo.

Maswali ya wanafunzi

*Daktari, mapigo yakiwepo, si tumeshaondoa hofu ya sindromu ya kompatimenti?*

Hapana, dada. Katika sindromu hiyo presha hupanda ndani ya msuli uliovimba hadi kuzuia damu, lakini mapigo hupotea mwishoni kabisa. Dalili ya mapema ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi ukimnyoosha vidole. Fungua bandeji zote hadi ngozini, mguu uwe usawa wa moyo, mwite mpasuaji. Tofauti kati ya presha ya damu ya diastoli (ile namba ya chini) na presha ya ndani ya msuli ikishuka chini ya 30 mmHg, huelekea fashiotomia, yaani kupasua utando unaobana msuli. Na kumbukeni: mguu wenye kidonda wazi nao hupata tatizo hili.

*Na aliyefungwa mabanzi kwa mganga wa mifupa, akaja vidole vyeusi?*

Fungua kwanza, maswali baadaye. Usimkaripie yeye wala mamake; wakiona aibu watawaficha siku walizokaa nyumbani, na hizo ndizo mpasuaji anazihitaji. Kisha rudi hatua ya 2, na umwite mpasuaji saa hiyo hiyo.

*Mgonjwa akiwa mlevi, hajibu vizuri?*

Huyo ndiye wa kurudiwa kila saa, kwa mkono wako mwenyewe.