Kusali kwenye Ukuta wa Magharibi, Yerusalemu: maandalizi na taratibu

Myahudi popote alipo, iwe Mbale au New York, huswali akielekea Yerusalemu. Akishafika Yerusalemu huelekea mahali lilipokuwa Hekalu. Ndiyo maana watu hujaa kwenye Ukuta wa Magharibi, Kotel kwa Kiebrania, usiku na mchana. Ukuta huo haukuwa wa Hekalu lenyewe. Ulijengwa katika mradi wa Herode Mkuu ili kushikilia kifusi cha uwanja alioupanua kulizunguka Hekalu, lililoteketezwa na Warumi mwaka 70. Una urefu wa mita 488, lakini unaoonekana kwenye uwanja wa sala ulio mbele yake ni mita 57 tu, kwa kuwa sehemu kubwa iliyobaki imefunikwa na nyumba za Mji wa Kale.

Kwanza vibali. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza kabla ya kusafiri, na ubalozi huchukua muda wake, basi usikate tiketi isiyorudishwa kabla hujaipata. Wenye pasipoti za nchi zisizodaiwa viza, kama Uingereza au Marekani, tangu Januari 2025 huomba mtandaoni kibali kiitwacho ETA-IL, kwa shekeli 25. Angalia pia hali ya usalama na ratiba za ndege wiki ile ile unayosafiri.

Kisha panga siku zako kwa kufuata Sabato. Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Sabato huanza Ijumaa kabla ya jua kuzama (Yerusalemu mishumaa huwashwa dakika 40 kabla) na kuisha Jumamosi nyota zinapotoka. Treni na mabasi ya Kiyahudi husimama tangu Ijumaa mchana. Ukitua uwanja wa ndege wa Ben Gurion siku ya kawaida, treni ya kasi hukufikisha kituo cha Yitzhak Navon, Yerusalemu, kwa takriban nusu saa. Ukitua Ijumaa jioni utategemea teksi, tena kwa bei ya juu. Fika Alhamisi.

Kutoka Navon panda tramu hadi kituo cha City Hall, tembea hadi Lango la Yafa, kisha ushuke kwa miguu kupitia sokoni. Ukija kwa basi au gari, Lango la Jaa liko karibu zaidi. Kiingilio ni bure na uwanja haufungwi, ila kila mtu hupita kwenye ukaguzi wa mizigo, kwa hiyo acha visu vya kukunja hotelini.

Ushauri wetu ni kwenda mara mbili. Mara ya kwanza nenda siku ya kazi alfajiri, wapo wanaoanza sala kuu jua linapochomoza. Kukiwa na utulivu, tazama mawe yenyewe: tabaka 7 za chini ni za Herode, mawe makubwa yaliyochongwa ukingo mwembamba pande zote, na yale madogo ya juu yaliongezwa karne za baadaye. Jumatatu na Alhamisi asubuhi Torati husomwa, na familia huleta wavulana wa miaka 13 kwa bar mitzvah, sherehe ya mvulana kuanza kuwajibika kidini kama mtu mzima. Kuna ngoma, vigelegele na peremende zinazorushwa. Inapendeza sana, lakini utulivu usiutafute siku hizo. Mara ya pili nenda Ijumaa jua likikaribia kuzama, makundi yanaposhuka yakiimba kuipokea Sabato.

Ukiutazama ukuta, wanaume husali kushoto, wanawake kulia. Mwanamume afunike kichwa, na kofia hugawiwa bure mlangoni. Mwanamke afunike mabega na magoti. Kwenye mabomba kuna makopo ya kunawia yenye mishikio miwili: desturi ya asubuhi ni kumimina mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kwa zamu mara tatu. Wayahudi wengi ambao hawajapaona mahali hapa kwa siku 30 huchana nguo kidogo kwa maombolezo. Ukiona shati lililopasuliwa kifuani, usishangae.

Kikaratasi cha maombi kiandike ukiwa hotelini. Kiwe chembamba, kikunjwe mara nyingi hadi kitoshe ufa. Nyufa zilizo usawa wa mkono zimejaa na karatasi nene huanguka, basi tafuta ufa wa chini. Usichomoe cha mwingine. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya Pasaka na kabla ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi, hukusanywa na kuzikwa Mlima wa Mizeituni. Ukiondoka, rudi kinyumenyume hatua chache kabla ya kuupa ukuta mgongo.

Siku ya Sabato usiandike, usipige picha wala kutoa simu uwanjani. Utakemewa, na kwa haki. Yerusalemu iko mita 750 hivi juu ya bahari, kwa hiyo Desemba hadi Februari mtu wa pwani ataumia bila koti.

Ziara ya mahandaki ya ukuta lazima uiwekee nafasi mapema, na siku ya Sabato hakuna. Usipange kuondoka Jumamosi mchana, maana usafiri wa umma hurejea usiku na vituo hufurika.