Gari la umeme au sedani ya kifahari hapa Lubumbashi? Anza na lupango lako (kiwanja cha nyumba), gari baadaye

Papa mmoja wa mtaa wa Golf aliingia garajini kwangu akiwa na picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa Mercedes E-Class nyeusi, viti vya ngozi. Ya pili ilikuwa gari la umeme la China, skrini yake pana kama televisheni ya sebuleni. "Fundi, pesa ninayo ya moja. Nichukue lipi?"

Sikumjibu. Nilimuuliza: "Papa, jana usiku umeme ulikuja kwenu saa ngapi, ukaondoka saa ngapi?"

Hakujua. Alijua tu kwamba ulikatika na kwamba mama alilalamikia friji. Nikampa daftari. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na miaka hii ya karibuni nimeanza kugusa na haya ya betri kubwa. Hatua ninazoandika hapa ndizo nilizompitisha yule papa, kwa mpangilio uleule.

Hatua ya 1: Andika usiku 14

Nunua kipima volti kidogo cha kuchomeka kwenye priza. Ni cha bei ndogo, na kitakuambia mengi kuliko muuza magari yeyote. Kila usiku, kwa siku 14, andika mambo mawili: saa ambazo umeme ulikuwepo, na volti zilizosomeka saa moja jioni, saa nne, na saa nane usiku kama utaamka. Usifanye siku saba. Zamu za kukatiwa hubadilika, na wiki moja nzuri inaweza kukudanganya.

Volti ni muhimu kama saa zenyewe. SNEL, shirika letu la umeme, inatakiwa kutuletea 220, lakini mtaa mzima ukiwasha majiko ya umeme kupika bukari (ugali), priza yako inaweza kusoma 180 au chini yake. Taa itawaka, hafifu. Chaja ya gari haina uvumilivu huo: ikiona volti zimeshuka mno itakata yenyewe, na asubuhi utakuta gari lina chaji ileile ya jana.

Hatua ya 2: Hesabu kilomita zako, zile za kweli

Hapa watu hujidanganya sana. Wananiambia "mimi natembea sana", nikitazama mita ya gari nakuta kilomita 40 kwa siku: nyumbani, mjini, shule ya watoto, kanisani. Lubumbashi si Kinshasa. Kutoka Golf hadi Ruashi na kurudi hujamaliza siku.

Gari la umeme la ukubwa wa sedani hula takriban kilowati-saa 17 kwa kila kilomita 100 mjini. Ukitembea kilomita 50 umetumia 8.5. Ongeza kinachopotea njiani wakati wa kuchaji, fanya 10. Priza ya kawaida, ukiipa ampea 10 kwa volti 220, inatoa kilowati 2.2. Gawanya: saa nne na nusu. Volti zikishuka hadi 190, ni saa tano na kidogo.

Soma tena hapo, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Wanasikia betri ni ya kilowati-saa 60, wanahesabu saa 27 za kuijaza kwa priza, wanaogopa, wanaondoka. Lakini hakuna anayejaza betri tupu kila usiku. Unarudisha ulichotumia mchana tu. Kwa mtu wa mjini, saa tano za umeme wenye nguvu kwa usiku zinatosha.

Sasa geuza ukurasa uandike safari za nje. Kipushi ni kilomita 30, hilo si tatizo. Kasumbalesa ni karibu 90. Likasi ni 120 hivi. Kolwezi ni kama 300, na barabarani mwendo unapanda, ulaji unafika 20 kwa kila kilomita 100, yaani kilowati-saa 60 za kwenda tu. Utahitaji betri ya 80 kufika bila moyo kudunda, kisha pale Kolwezi utaichomeka kwenye priza ya hoteli zaidi ya siku nzima ili upate chaji ya kurudi. Kama kazi yako iko migodini na unapanda Kolwezi kila wiki, funga daftari, chukua sedani. Na usipange safari kwa kutegemea kituo cha kuchaji ambacho hujakiona kwa macho yako kikifanya kazi.

Hatua ya 3: Usiniambie "nitachaji kwa jenereta" kabla ya kusoma hii

Jenereta nzuri ya mazutu (dizeli), ikifanya kazi kwa mzigo unaoifaa, hutoa takriban kilowati-saa 3 kwa lita. Kilomita 100 zinahitaji kama 20 za ukutani, basi ni karibu lita 7 za mazutu. Si mbaya kwa sedani kubwa inayokula lita 10 au 11 za esanse (petroli) mjini. Ila umetoa injini kwenye gari ukaiweka chini ya dirisha la jirani.

Ile jenereta ndogo ya esanse, ya kuwashia taa na friji, ni hadithi nyingine. Inatoa kilowati-saa moja na nusu hadi mbili kwa lita, kwa hiyo kilomita 100 zitameza lita 10 hadi 13. Utakuwa na gari la umeme linalokunywa kuliko Mercedes. Tena chaja nyingi zinaikataa kabisa, kwa sababu nitaifafanua sasa hivi.

Kuhusu jua: paneli 10 za wati 500 hapa kwetu, kwenye kiangazi cha Mei hadi Septemba, zinakupa kilowati-saa 20 kwa siku bila shida. Masika mawingu yakilala juu ya mji unaweza kupata nusu au pungufu. Tatizo kubwa liko kwenye ratiba: jua linawaka mchana, na mchana gari lako liko mjini. Ama uwe na betri za nyumbani za kutunza umeme hadi usiku, ama gari liwe la mtu anayeshinda nyumbani.

Hatua ya 4: Priza na waya wa ardhi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipochoma kitu changu mwenyewe.

Gari la kwanza la umeme nililolaza kwangu lilikuwa Nissan Leaf ya mteja. Nikachukua kebo ya kurefusha, ile nyembamba ya kuunganishia redio, nikaipitisha dirishani, nikachaji. Ampea 10 kwa saa tano si kama kuchemsha chai. Nilipoamka saa tisa usiku kwa harufu, plagi ilikuwa imeyeyukia ndani ya priza na ukuta umefanya doa jeusi. Gari halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la fundi.

Basi, vuta laini yake peke yake kutoka kwenye mita hadi gari linapolala. Waya wa milimita 2.5 za mraba unatosha kwa ampea 10 kama umbali ni mfupi. Ukitaka chaja ya ukutani ya ampea 32, ile ya kilowati 7, weka milimita 6 au zaidi, na iwe na swichi yake ya kukata umeme unapovuja. Kabla ya kuiota hiyo kilowati 7, uliza kama mita yako na transfoma ya mtaa zinaibeba. Mara nyingi jibu ni hapana.

Kisha waya wa ardhi, tere kama tunavyoiita. Nyumba nyingi za hapa zina priza yenye sehemu ya tere, na nyuma yake hakuna kitu, au kuna waya uliofungwa kwenye bomba la maji. Chaja ya gari hupima hilo kabla ya kuruhusu chochote. Isipoiona ardhi, itawasha taa nyekundu na kukaa kimya. Ndiyo sababu inazikataa jenereta ndogo: hazijafungwa ardhini. Piga fimbo ya shaba, mita moja na nusu au mbili, mahali penye unyevu, na umwite fundi aipime. Kiangazi udongo wetu mwekundu unakauka kama tofali, na tere iliyokuwa nzuri Februari inaweza kuwa mbovu Agosti.

Hatua ya 5: Itazame sedani bila mapenzi

Najua ile heshima. Ukishuka kwenye sedani nyeusi mbele ya ukumbi wa harusi, hata watoto wa parkingi wanakuita boss kwa sauti tofauti. Sidharau hilo, heshima nayo ina bei yake mjini humu. Ila kagua haya.

Kwanza, mifuko ya hewa badala ya springi. Mercedes na Lexus kubwa nyingi zinayo. Mpira wake unapasuka kwa umri, hewa inavuja polepole, kompresa inafanya kazi usiku na mchana mpaka inaungua, na asubuhi moja unakuta gari limelala chini kama mbuzi. Acha gari lilale usiku mzima kabla ya kununua, kisha pima urefu wa pande zote nne. E-Class nyingi zina springi za chuma. Tafuta hizo.

Pili, usichukue dizeli ya kisasa yenye chujio la masizi na tangi la dawa ya bluu, isipokuwa unajua mazutu yako yanatoka wapi. Salfa nyingi inaua mitambo hiyo. Chukua ya esanse. Na kwa kuwa mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza karibu asilimia 12 ya nguvu zake hapa. Utaisikia unapotaka kulipita lori la asidi kwenye barabara ya Likasi. Gari la umeme halijui habari za mwinuko.

Kwa hiyohiyo barabara: usukani. Sisi tunapita kulia, na magari yaliyotumika Japani yanakuja na usukani wa kulia. Nyuma ya lori utalazimika kutoa nusu ya gari kwanza ndipo uone mbele. Toyota Crown ni gari zuri sana, lakini sitaki nikuzike. Jambo hili hili linaihusu Leaf ya Japani pia. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China yana usukani wa kushoto, unaotufaa.

Hatua ya 6: Likague lile la umeme

Uliza betri ni ya aina gani. Zile za lithiamu, chuma na fosfati, ambazo BYD na Wachina wengine wanazipenda, zinadumu kwa mizunguko mingi, na unatakiwa kuzijaza hadi asilimia 100 angalau mara moja kwa wiki ili gari lijue hesabu yake. Zile za nikeli na kobalti ziache kwenye 80 kwa siku za kawaida. Kuna watu wananiambia kununua gari la umeme ni uzalendo kwa kuwa kobalti ya dunia nyingi inatoka hapa Katanga. Wakati mwingine gari lenyewe lina betri ya fosfati, halina hata gramu moja ya kobalti. Shaba ndiyo ipo, tena nyingi mara kadhaa kuliko kwenye gari la esanse. Kwa uzalendo huo, sawa.

Kwa Leaf ya zamani, hesabu vile vijistari 12 pembeni ya kipimo cha chaji. Cha kwanza kinazimika betri ikiwa imepoteza karibu asilimia 15. Vikibaki 9, uko kwenye 70 hivi, na ile yenye betri ya kilowati-saa 24 itakupa kilomita 100 mjini ukiwa mpole. Haifiki Likasi.

Tazama tundu la kuchajia: la China ni tofauti na la Ulaya, na la Japani ni tofauti na yote mawili. Dai kebo yake iwepo ndani ya gari kabla hujalipa. Washa skrini uone kama ina Kifaransa au Kiingereza, maana kuna watu hapa wanaendesha wakiwa wamekariri alama za Kichina. Halafu ingia chini na tochi. Sedani ikigonga jiwe inamwaga oili, unaiona. Gari la umeme likigonga, kasha la betri linabonyea kimya. Ukiona kovu refu hapo, ondoka.

Na nyaya za rangi ya machungwa usimruhusu kijana wa garaji azishike ovyo. Ni volti 400. Kama fundi wako hana glovu za volti 1,000 na hajui pa kukatia umeme wa betri, huna fundi bado.

Hatua ya 7: Daftari liamue

Kanuni yangu ni hii. Usiku 11 au zaidi kati ya 14 vyenye saa tano za umeme juu ya volti 190, na safari za mbali zisizozidi moja kwa mwezi: chukua la umeme. Chini ya usiku 8: sedani. Katikati hapo, paneli na betri za nyumbani ndizo zinazoamua, nazo ziingize kwenye bei ya gari tangu mwanzo.

Yule papa wa Golf alirudi na daftari limejaa. Usiku 9. Volti za chini kabisa 171. Kolwezi mara mbili kwa mwezi. Alinunua E-Class ya esanse yenye springi za chuma, na mimi ndiye niliyeikagua. Wiki iliyopita alinipigia tena, nikadhani ni injini. Kumbe mama ndiye aliyetaka kuzungumza: duka lake liko kilomita sita kutoka nyumbani, mchana gari linaweza kulala chini ya paneli za dukani, na alitaka kujua mita moja ya kebo ya milimita 6 ni bei gani.