Kabla ya kumpiga picha mbwa akichezea mpira lamboni

Mbwa wengi wa Dodoma ni walinzi. Mchana wamefungiwa bandani, usiku wanafunguliwa, na hakuna aliyewahi kuwarushia mpira. Ndiyo maana maandalizi yangu huanzia kwa mbwa, kamera inafuata baadaye sana. Mpe kama wiki mbili uani kwenu. Mrushie hatua tatu nne, akikuletea mpe dagaa mmoja mkavu, kesho yake ongeza umbali. Asiyezoeshwa ataukimbilia mpira kwa kasi ya ajabu, kisha ataenda kuulalia chini ya mti autafune. Wakati picha yenyewe iko kwenye kurudi: masikio yamelala nyuma, miguu yote minne haigusi ardhi, macho yamekukazia.

Mpira nao unachaguliwa. Macho ya mbwa hutofautisha vizuri bluu na njano, lakini nyekundu kwake hufifia na kukaribiana na rangi ya majani. Sisi udongo wetu ni mwekundu, na kuanzia Juni nyasi zimekauka zikawa za manjano, kwa hiyo mimi hubeba wa bluu. Yeye anauona, na kwenye picha unajitokeza. Uwe wa mpira mgumu kiasi na mkubwa usioweza kuteleza kooni. Ule wa tenisi hushika mchanga kwenye manyoya yake na kusaga meno kama msasa. Vijiti viache kabisa: kikichoma ardhini ncha ikabaki juu, mbwa aliye mbioni anaweza kujitoboa koo.

Hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na muda, maana popote utakapoenda kuna watoto watakaokuja kutazama.

Maji ndiyo yanayohitaji kufikiriwa sana. Bwawa la Mtera msimpeleke mbwa kuogelea; kule kuna mamba na viboko. Bwawa la Hombolo ongea kwanza na wavuvi, wao wanalijua bwawa lao kuliko ramani yoyote. Mimi napenda malambo madogo ya vijijini, hasa Machi na Aprili mvua zikiwa zimeyajaza. Lakini lambo lina wenyewe. Safari moja nilifika alfajiri na mbwa wetu Popi, nikamwachia tu. Mzee mmoja aliyekuwa amefika na ng'ombe akanisogelea. Nikamsalimu kwa Kigogo "Mbukwa", akaitikia, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, hapo ulipomwingiza mbwa ndipo akina mama wanapochota." Niliona aibu sana. Nilimwomba radhi, naye akanionyesha upande wa pili, mbali na wanakochota. Tangu siku hiyo siku moja kabla napita kwa mwenyekiti wa kitongoji, naeleza ninachotaka kufanya, naulizia wapi panafaa. Wapo pia wasiotaka mate ya mbwa yawaguse kwa sababu ya dini, na hilo uliheshimu bila kusubiri kuambiwa.

Ukishaonyeshwa mahali, chunguza ukingo kwa fimbo. Maji yakipungua huacha tope lenye ganda kavu juu, ukikanyaga unazama hadi magotini, na mbwa anaweza kunasa. Ukiona utando wa kijani juu ya maji, rudi nyumbani, kwani baadhi ya huo una sumu inayoua mbwa. Wewe mwenyewe usiingie miguu mitupu kwa ajili ya kupata pembe nzuri: maji yaliyotuama yenye konokono ndiyo njia ya kichocho. Baki nchi kavu.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba mbwa anayefuata mpira majini humeza maji kila anapofungua mdomo. Akimeza mengi mno chumvi ya mwilini hushuka, anaanza kuyumba, kutapika, fizi zinapauka. Huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo, tena haraka. Panga mapema: arushiwe mara tano sita, kisha apumzike kivulini.

Saa zetu za kazi ni fupi. Jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na saa mbili ikipita mwanga umekuwa mkali, mbwa anahema ulimi nje. Jioni rudi kuanzia saa kumi na moja. Bandika mgongo wa kiganja chako ardhini. Ukishindwa kuvumilia sekunde saba, nyayo zake nazo haziwezi. Julai na Agosti upepo wa Dodoma hubeba vumbi, hivyo funga lenzi utakayotumia ukiwa bado nyumbani na usiibadilishe uwanjani.

Kamera iwe tayari kabla mpira haujatoka mkononi: kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) sekunde 1/1000 kwa mbio za nchi kavu, 1/2000 kwa maji yanayoruka, fokasi ya kufuatilia kitu kinachotembea, na kupiga mfululizo. Kwa baadhi ya simu unabonyeza na kushikilia. Beba kiroba cha kulalia, kwa sababu picha inataka uwe usawa wa macho yake, na ardhi imejaa mbigili.

Mrushaji awe mtu mwingine, asimame pembeni yako nyuma kidogo, ili mbwa akirudi kwake awe anakuja upande wako. Kubaliana naye ishara moja ya mkono. Na mbwa akitoka majini msimwite, msirushe. Subiri. Ataanza kujikung'uta kichwani, mtikisiko ushuke mgongoni hadi ncha ya mkia, na jua likiwa nyuma yake kila tone linawaka.

Mkimaliza, kabla hajapanda gari, mkague katikati ya vidole kutoa mbigili na nyuma ya masikio kutoa kupe, halafu mkaushe kwa kanga kuukuu.